Vichuguu Vitatu, Mbaazi Zimeiva

Bibi Mpishi alivaa saa ya mkononi isiyotembea. Mishale yake ilikuwa imelala kwenye saa nne na dakika tano tangu sijui lini, na ukimwuliza saa ngapi, anaitazama kweli, kwa heshima zote, halafu anakujibu, "Bado." Hata kama kengele ya kwenda nyumbani imeshagongwa. Lakini mbaazi za shule yetu hazikuwahi kuchelewa wala kuungua, isipokuwa siku moja tu. Siku hiyo nitaifikia. Siku hiyo ni yangu.

Saa yake ya kweli ilikuwa karata. Akishainjika lile sufuria kubwa ambalo mimi ningeweza kuogea ndani, anageuza ndoo, anaikalia, anatandika gunia juu ya kreti tupu la soda, anatoa karata kwenye kopo la maziwa ya unga, anaanza. Mchezo wa mtu mmoja. Aliuita Kichuguu. Kichuguu cha kwanza kikiisha, anakoroga. Cha pili kikiisha, anavuta kuni mbili nje. Cha tatu, chumvi. Vichuguu vitatu, mbaazi zimeiva. Mwalimu wa kemia alikuwa anakuja kuchungulia kwa mshangao, maana yeye na vipimo vyake vyote hajawahi kutuonyesha jaribio lililofanikiwa.

Nilimjua tangu niko darasa la tano, kwa sababu nyumba yetu na yake zilitenganishwa na uzio wa mabua tu, na mbuzi wetu waliuona uzio ule kama chakula cha jioni. Nilipoingia sekondari nikamkuta jikoni mwa shule. Nikasema moyoni, hapa nimefika nyumbani. Huyu ni bibi yangu wa utani. Bibi na mjukuu wanaruhusiwa kutukanana, na mimi nilikuwa naitumia ruhusa ile mpaka inachanika.

"Bibi, hizi mbaazi au kokoto?"

"Kokoto za wenye akili zinaiva zote. Ya kwako ndiyo haijaiva."

Nasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, namwigiza Mkuu wa shule anavyotembea kama suruali yake ina mwiba. Bibi anacheka mpaka anajishika ubavu. Wasichana wa kidato changu wanasema, "Somoe, yule bibi anakupenda balaa." Nami nilijua. Nilikuwa nangoja siku moja tu, siku ambayo angeniambia, chukua, changanya.

Haya, sikiliza mchezo wenyewe, maana bila kuujua hutaelewa kilichoniuma.

Karata ya kwanza inalala juu, peke yake. Chini yake unapanga mbili, zimeikanyaga miguu kidogo. Chini ya hizo tatu, halafu nne, mpaka mstari wa saba. Zote zinatazama juu. Jumla ishirini na nane, na umbo lake ni kichuguu kabisa, kama kile kilichoota nyuma ya choo cha walimu. Ishirini na nne zilizobaki unazishika mkononi. Hizo ni akiba. Kazi yako ni kukibomoa kichuguu kuanzia chini, maana karata iliyokanyagwa na nyingine huigusi. Unatafuta mbili zilizo wazi ambazo zikijumlishwa zinafanya kumi na tatu, unaziondoa. Saba na sita. Nane na tano. Tisa na nne. Kumi inaondoka na tatu, na hapo hata mimi nisiye na hesabu naona kwamba ni kumi na tatu. Ree ni moja, anaondoka na kwini ambaye ni kumi na mbili. Jeki ni kumi na moja, kwa hiyo anaondoka na mbili. Kingi ni kumi na tatu peke yake, anatoka bila kusindikizwa. "Kama mume wa mtu," alisema Bibi.

Ukikwama, unafunua akiba moja moja. Ile iliyofunuliwa nayo inaweza kuungana na iliyo wazi kichuguuni. Akiba inapita mara tatu tu. Ikipita ya tatu na kichuguu bado kimesimama, unasema, "Kimekataa," unakusanya. Kikibomoka chote, unasema, "Kimelala." Na yeye Bibi hakuridhika na kichuguu kulala tu. Mpaka na akiba yote iondoke, mkono ubaki mtupu. Kwa miaka yote niliyomtazama, mkono wake ulibaki mtupu mara chache sana, na siku hizo tulipata mbaazi zenye nazi.

Haya yote niliyapata kwa macho, nikiwa mlangoni. Hakuna aliyenifundisha.

Alikuwa na maneno yake. La kwanza: "Mkono wenye haraka unaoza watoto vibaya." Maana yake ni hii: mbili ipo wazi, jeki naye yuko mkononi, unafurahi, unawaondoa. Kumbe ndani ya kichuguu kulikuwa na jeki mwingine aliyeihitaji mbili ileile, na sasa amebaki mseja mpaka mchezo unaharibika. La pili: "Karata haina masikio, lakini haipendi kelele." La tatu alilisema kwa mzee mmoja wa mtaani aliyekuja kumwonya kwamba mwanamke mwenye umri wake, anayeswali swala tano, hapaswi kushika vifaa vya kamari.

"Kamari ni ya watu wawili," alimjibu huku anapanga mstari wa nne. "Mimi nikishinda namla nani?"

Mzee akainama kulitazama gunia. Halafu akanyoosha kidole. "Tisa hiyo na nne ile pale."

"Nimeiona. Kwaheri, kaka."

Bibi hakuibia karata hata siku moja. Hata akiwa peke yake, hata kwa kuchungulia karata moja ya akiba. Lakini kwenye ukoko alikuwa jambazi. Viranja walipewa haki ya ukoko wa ugali, na kila siku ukoko mnene ulikuwa umeshaondoka kabla ya wao kufika, umefungwa kwenye kanga, umekwenda kwa watoto wa jirani. Alimwita Mkuu wa shule "mwanangu" mbele ya paredi. Alikataa simu, akisema inamtoa mtu mahali alipo, lakini matokeo ya mpira aliyajua kabla ya sisi wenye simu za kuficha. Akikasirika aliongea Kimakua na sufuria, na nadhani sufuria zilielewa, maana zilitulia.

Sasa mwingize Skola.

Skolastika alitoka Naipingo, akikaa kwa shangazi yake ili asome hapa kwetu, na alikaa dawati moja na mimi. Huyu msichana alikuwa haongei. Sisemi ana aibu. Haongei tu, kama mtu anayetunza vocha. Mwalimu akiuliza swali, mimi natoa majibu matatu ya kuchekesha, yeye anatoa moja la kweli, halafu anaendelea kuchonga penseli. Nilimpenda, niseme ukweli. Mtu wa aina yangu anahitaji mtu wa kumchekea.

Jumatano moja, siku ya kuleta kuni, mimi nikiwa mahali pangu mlangoni namwigiza mwalimu wa zamu, Skola akapita na mzigo wake. Akautua. Akatazama gunia. Akasema maneno mawili:

"Saba pale."

Bibi akatazama. Saba ilikuwa wazi, na sita ilikuwa imetoka tu kwenye akiba. Alikuwa karibu kuipita. Bibi Mpishi, ambaye hakuwahi kuipita saba maishani mwake, alitaka kuipita kwa sababu alikuwa ananicheka mimi. Akamtazama Skola juu mpaka chini. Halafu kwa mguu akaisukuma ndoo ya pili, ile ya kuwekea miiko, akaigeuza.

"Kaa."

Skola akakaa. Na tangu siku hiyo ikawa ndoo yake.

Sina neno lingine la kutumia. Ni wivu. Si ule wivu mtamu wa kwenye nyimbo. Ni ule unaokaa tumboni kama ugali wa juzi. Miaka yote hiyo nimemchekesha yule bibi, nimemwigizia shule nzima, mbuzi wangu wamekula uzio wake, na leo mtoto wa Naipingo anakuja na maneno mawili anapewa ndoo! Mapumziko yote akawa huko. Nikipita nawaona wameinama, vichwa viwili, kimya. Nikitoa mzaha, Bibi anacheka, lakini anacheka bila kuinua macho. Hapo nikajua kuna kicheko cha kukuambia karibu, na kingine cha kukuambia haya, nenda.

Ramadhani ndiyo ilinimaliza. Bibi alikuwa amefunga, na chakula cha wasiofunga kilikuwa lazima kipikwe. Nani aonje chumvi? Skola, kwa kuwa ni Mkristo. Bibi anachota kidogo kwenye mwiko, anampulizia, anamwekea kiganjani kama mtoto mchanga. "Imekubali?" "Bado kidogo, bibi." Mimi nimesimama pale mlangoni natamani kupiga kelele kwamba na mimi naweza kuonja, maana tangu asubuhi nilikuwa namumunya ubuyu nyuma ya maabara. Lakini mtu atasemaje hilo mbele ya bibi aliyefunga? Nikameza mate, na kipande cha ubuyu.

Wiki moja baada ya Idi, nikaiba.

Sikupanga. Bibi alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Skola alikuwa bombani. Karata zilikuwa zimekusanywa juu ya gunia, hakuna mtu. Nilitaka kuzigusa tu. Naapa. Nilitaka nijue zina uzito gani mkononi. Nikazishika, zilikuwa laini kama noti ya zamani, na zilinuka moshi na vitunguu, na nikajiona mjinga, mtu mzima wa kidato cha pili nanusa karata. Nikasikia ndoo ya maji inatua nje. Nikarudisha zote, isipokuwa ya juu, ambayo ilibaki kiganjani kwangu kama imegandishwa. Mbili ya uru. Ile nyekundu yenye vialmasi viwili tu, karata ndogo kabisa, ambayo katika michezo mingine watu wanaitupa bila kuitazama.

Niliificha kwenye daftari la hesabu, mahali ambapo hata mimi mwenyewe huwa sifiki.

Kesho yake Bibi aliinjika mbaazi, akageuza ndoo, akatoa karata, akazihesabu. Alizihesabu kila asubuhi, kama mtu anavyohesabu kuku. Hamsini na moja. Akahesabu tena. Akatafuta kwenye kopo, chini ya kreti, ndani ya magunia ya unga. Akamwita Skola, wakatafuta wote, wakahamisha kuni, wakafagia. Na kwa kuwa hakuna aliyecheza, hapakuwa na kichuguu cha kwanza, wala cha pili, wala cha tatu. Saa ilikuwa imesimama jikoni. Harufu ya kuungua ilifika kidato cha nne kabla ya kufika kwake.

Mkuu alikuja na suruali yake ya mwiba. Akafunua sufuria.

"Bibi, hizi nini?"

"Mbaazi, mwanangu."

"Hizi mkaa."

"Asubuhi zilikuwa mbaazi."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Shule nzima ilikula ugali na chumvi. Mkuu akapiga marufuku karata jikoni, akatundika saa ya ukutani, kubwa, yenye kelele. Tangu hapo mbaazi zilipikwa kwa dakika, na hazikuwahi kukaa sawa tena. Leo kokoto, kesho uji.

Sasa watu walianza kuuliza nani kachukua karata. Na nani mwingine alikuwa anazigusa? Ni mmoja tu. Wakamwita Skola mwizi, chini kwa chini kwanza, halafu juu kwa juu. Wakamtungia jina, Hamsini na Moja. Akipita, mtu anasema "hamsini na moja", darasa linaanguka kwa kicheko. Jina lile lilikuwa zuri, lilishika kweli. Nililitunga mimi.

Siku moja, bila kuinua kichwa kwenye daftari, Skola aliniuliza, "Somoe, wewe hujui ilipo?"

"Mimi? Mimi hata hesabu sijui."

"Haya."

Hakuuliza tena. Na nilichokitarajia, yaani kwamba Bibi atamfukuza kwenye ile ndoo, hakikutokea. Waliendelea kukaa pale wawili, bila karata, wanapeta mbaazi. Kwa hiyo nilikuwa nimeunguza chakula cha shule nzima, nimempa rafiki yangu jina la wizi, na ndoo bado ilikuwa yake.

Mwisho wa mwaka miguu ya Bibi ilianza kuvimba, na binti yake akaja kumchukua ahamie Ruangwa. Bibi alipakia vyombo kwenye bajaji, akagawa vilivyobaki. Mpishi mpya alipata mwiko mrefu. Mama yangu alipata kuku wawili. Skola alipata ile saa. Mimi nilivutwa shavu, nikaambiwa, "Utakuja unichekeshe." Tangu siku hiyo Skola anaivaa saa ile darasani, kwenye mkono mwembamba inazunguka kama bangili, na ukimwuliza saa ngapi, anaitazama, anasema, "Bado." Mara ya kwanza nilipomsikia nilitaka kumng'ata.

Mwaka huu, mwezi uliopita, michezo ya shule za sekondari ilifanyika Ruangwa. Mimi niko timu ya netiboli, mchezaji wa akiba, kazi yangu kushika chupa za maji na kuwatukana wapinzani kwa adabu. Siku ya pili tulikuwa hatuchezi. Nikaomba ruhusa, nikauliza njia, nikafika kwa binti yake, nyumba ya bati jipya karibu na stendi. Kwenye soksi nilikuwa na mbili ya uru. Kwa nini niliibeba, sijui. Nilikuwa nimeihamisha kutoka daftari la kidato cha pili kwenda la kidato cha tatu, kama mtoto anayepandishwa darasa.

Alikuwa barazani, ndoo moja kakalia, nyingine pembeni yake, kreti lilelile, gunia jipya. Miguu kaifunga vitambaa. Amekonda. Nilisimama kwenye kizingiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakula uzio wa jirani mpya. Wanasema wa kwako ulikuwa na ladha zaidi."

Akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye karata. Alikuwa anamaliza. Kichuguu kililala. Akiba nayo ikaisha, mbili mbili, kingi wa mwisho akatoka peke yake, mkono ukawa mtupu, isipokuwa karata moja. Jeki. Akamchukua, akamsimamisha kwenye kopo la maziwa.

"Huyo vipi?" nikauliza.

"Anangoja."

"Anangoja nani?"

"Mbili ya uru. Iko safarini." Akamfuta jeki vumbi kwa kidole. "Siku hizi kikilala chote akabaki yeye tu, nahesabu nimeshinda. Nimebadilisha sheria. Ningefanyaje?"

Nikaona nianze kumwigiza Mkuu. Nilinyanyua mguu. Akanikatiza.

"Kaa kwanza."

"Niko fiti bibi, nimezoea kusimama."

"Ndiyo ugonjwa wako. Tangu mdogo unasimama. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mtu wa hivyo nikianza kumfundisha saba na sita, kengele ikilia atakuwa ameshafika barabarani." Akaisukuma ndoo kwa mguu uliofungwa kitambaa. Nilisikia uchungu wa ule mguu mimi. "Mwenzio aliambiwa kaa, akakaa. Wewe nilikuambia kaa ukiwa darasa la tano. Ukasema, ngoja kwanza nikuonyeshe mwalimu wa zamu anavyokohoa."

Sikumbuki. Lakini nilivyo mimi, naamini.

Nikakaa. Na kutoka pale chini karata zilionekana wima. Miaka yote ile nilikuwa naziona kichwa chini.

Nilivua kiatu, nikavua soksi, nikaitoa mbili, nikaiweka juu ya gunia. Ilikuwa na jasho. Bibi aliitazama karata, hakunitazama mimi.

"Imechafuka."

"Ilikuwa kwenye daftari la hesabu."

"Basi haikusumbuliwa."

Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Ulijua, bibi?"

"Siku ileile. Jioni wote walikuja kunitania, mkaa, mkaa. Wewe ulikuja kunipa pole, ukasimama na miguu yote miwili ndani, na hukufanya mzaha hata mmoja. Nikasema, heh, huyu anaumwa au kaiba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, Mkuu angekufukuza. Na mwenzio nilimwuliza, kila akija hapa namwuliza, nani? Anasema, 'Ilipotea tu, bibi.' Anajua. Anakaa na wewe dawati moja, atakosaje kujua?"

"Skola anakuja hapa?"

"Kila likizo."

Kila likizo! Naye anarudi, anakaa kushoto kwangu, anachonga penseli, hasemi. Pale pale barazani, nikiwa na kiatu kimoja, wivu ukanipanda upya, wa moto kuliko ule wa kwanza. Safari hii sikuionea wivu ndoo. Niliuonea wivu ule mdomo wake, maana aliitwa mwizi mwaka mzima na akaweza kuufunga.

Bibi akamshusha jeki kutoka kwenye kopo, akamlaza juu ya mbili. Kumi na tatu. Akakusanya zote, akazihesabu taratibu kwa sauti, mpaka hamsini na mbili. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeketi baada ya safari. Nikanyoosha mikono yote miwili. Nilijua sasa ataniambia, changanya.

Akachambua, akaitoa mbili ya uru, akaniwekea kiganjani.

"Mpelekee Skola. Kwa mkono wako, na kwa mdomo wako. Likizo ikifika ataileta."

"Bibi! Si imeshafika hapa?"

"Imefika kwangu. Kwake haijafika."

"Na jeki je?"

"Amezoea." Akamrudisha kwenye kopo. "Na yeye akija, mje wawili. Ndoo nitaomba ya tatu kwa jirani."

Niliondoka na karata kwenye mfuko wa shati, pale mbele, mahali inapoonekana. Kwenye gari la shule wenzangu waliimba njia nzima mpaka kwetu Nachingwea, wakaniambia, Somoe, tuchekeshe. Nikawaambia koo linaniuma.

Leo ni Jumapili, imepita wiki ya nne, na bado ninayo. Kila asubuhi naitoa, narudisha. Kesho nitakaa mapema, kabla darasa halijajaa. Atakuja, ataweka mfuko wake, atatoa penseli. Nitamwuliza saa ngapi. Ataitazama ile saa, atasema, "Bado."

Hapo nitaiweka mbili ya uru juu ya daftari lake, na kwa mara ya kwanza nitakaa nisiseme kitu mpaka yeye aseme.